Chokaa ya Shangazi Mwaija

Shangazi yangu Mwaija alipaka chokaa kila kitu kilichosimama tuli mbele yake. Kuta za nyumba, ndani na nje, hilo ni la kawaida. Lakini yeye alipaka pia mafiga, ukingo wa kisima, mashina ya minazi mpaka pale mkono wake ulipofika, na mwaka mmoja aliipaka hata miguu ya mbuzi wa jirani kwa sababu ilikuwa na ukurutu. Mbuzi alipona, na tangu siku hiyo hapakuwa tena na mtu wa kumwambia kitu. Ukikaa barazani kwake ulirudi nyumbani na mgongo mweupe, mumeo akakucheka.

Alizaliwa Dunda, Bagamoyo mjini, katika nyumba ya wachoma chokaa. Babu yangu alipanga magogo ya mkoko chini, matumbawe juu, akatia moto, na mawe yakishaiva yalimwagiwa maji yakavimba na kupasuka mpaka yakawa unga. Watoto wa nyumba ile walikua na nyufa visiginoni na macho mekundu, ila Dunda nzima hapakuwa na nyumba safi kama yao. Kwao chokaa ilikuwa dawa ya wadudu, dawa ya harufu, na zaidi ya yote dawa ya kuvu. Masika kuvu ikianza kuota ukutani, bibi yangu aliitazama kama mtu aliyeingia ndani bila hodi.

Niseme mapema kwamba nilimpenda shangazi huyu, na kwamba alinichosha. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yangu bila kugombana.

Aliolewa Kerege na Abdala, mkulima mpole aliyezungumza kidogo. Baadaye akanitafutia na mimi mume huko huko, nadhani ili apate mtu wa karibu wa kumtuma. Yeye na Abdala hawakujaliwa mtoto. Walilima shamba la ukoo wa mume, kipande kirefu kilichoanzia kando ya barabara ya Dar es Salaam kikashuka mpaka bondeni, ambako ndugu za Abdala huzikwa. Masika ya mwaka 1951 Abdala akashikwa na kifua. Alikohoa mpaka mvua zikaisha, na zilipokwisha naye akaisha.

Shangazi alipotoka eda, wakubwa wa ukoo wakakutana. Msemaji alikuwa Mwinyijuma, kaka wa marehemu, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Alisema maneno ya haki kwa namna ya kuudhi. Alisema shemeji hafukuzwi, lakini shamba la ukoo ni la anayelima likazaa, na lile halizai. Kweli lilikuwa halizai. Misimu miwili mahindi yalitoka yakagota kwenye goti, majani yamepiga rangi ya zambarau kingoni, na hindi lenyewe halizidi kidole gumba. Mwinyijuma alitaka kupanda mikorosho. Basi wakaafikiana kumpa masika moja tu. Likizaa, akae. Lisipozaa, arudishwe Dunda kwa heshima zote.

Heshima zote maana yake ni kulala kwenye kitanda cha kukopeshwa katika nyumba ya kaka yake, yaani baba yangu, na kuomba ruhusa ya kutumia jiko. Maana yake pia ni kumwacha Abdala bondeni peke yake. Shangazi aliwaaga wakubwa wale. Alikwenda nyumbani akachanganya chokaa, akapaka nyumba upya.

Ndipo akaja Pantaleo. Huyu alikuwa bwana shamba msaidizi, kijana aliyelelewa na mapadre wa Bagamoyo, mwenye baiskeli, kofia na adabu nyingi. Alikuwa na maarifa pia, ila hakujua kuyatoa kwa kipimo. Ukimuuliza wakati wa kupalilia, alianzia pale dunia ilipoumbwa. Aliyaona mabua yaliyobaki shambani kwa shangazi, akauliza kama majani yalikuwa ya zambarau, akajibiwa ndiyo, akafurahi kana kwamba ameonyeshwa harusi. Alisema ardhi ile ina njaa ya kitu kiitwacho fosfeti, na kwamba yeye anacho kwenye gunia: unga wa jiwe lililochimbwa bara, alilopewa ili alijaribu kwenye shamba la mkulima atakayekubali. Mpaka siku ile hakuna aliyekubali. Nani atie mawe shambani, wakati kazi ya mkulima ni kuyatoa?

Shangazi alifungua mdomo wa gunia, akatia mkono, akasugua ule unga kati ya vidole. Ulikuwa mweupe mweupe wa kijivu, laini. Akakubali papo hapo. Mimi nilidhani amevutwa na maneno ya Pantaleo, kumbe ameona chokaa.

Pantaleo alieleza, na hapa nafupisha sana, kwamba chakula cha mmea kimo ndani ya jiwe lakini kimefungwa. Maji ya mvua hayakifungui. Ukimwaga unga shambani hivi hivi, mahindi yatakufa njaa juu ya ghala. Kinachofungua ni kuvu. Kuvu ikiota kwenye taka zinazooza hutandaza nyuzi nyembamba kuliko unywele, nyuzi hizo hugusana na jiwe na kutoa uchachu, na uchachu hulila jiwe kidogo kidogo mpaka ile fosfeti inaachia na kuyeyuka kwenye maji. Hapo mizizi inaweza kuinywa. Kwa hiyo tuchimbe shimo, tupange mabua, maganda ya muhogo, samadi na majani, kila tabaka tunyunyizie unga wa jiwe, tumwagie maji, tufunike kwa makuti. Kisha tuache. Alilirudia neno hilo akimtazama shangazi. Kazi kubwa ni kuacha.

Ungemwambia shangazi yangu apande mnazi kinyumenyume angekuelewa upesi zaidi.

Tulichimba nyuma ya jiko, mimi na yeye, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Tukapanga, tukamwagia, tukafunika. Siku chache zilipita, lundo likaanza kutoa mvuke, kisha asubuhi moja nikafunua makuti nikaona nyuzi nyeupe zimetambaa kila mahali, zimeyashika mabua, zimeuzunguka unga wa jiwe, na huku na huku madoa ya kijani. Nilifurahi. Nikampita shangazi mbio kwenda kuwahi kisimani kabla foleni haijawa ndefu, nikamwambia kuvu imekuja.

Niliporudi na ndoo kichwani, lundo lilikuwa jeupe pe. Shangazi amesimama kando na pakacha tupu, anajifuta mikono kwenye kanga, uso umetulia kama mtu aliyemaliza kuswali. Alikuwa amemwaga chokaa pakacha zima, na akaligeuza lundo kwa jembe ili chokaa ifike chini.

Nilishika kichwa. Pantaleo alipokuja naye alishika kichwa, kisha akavua kofia akaketi juu ya kinu. Alieleza kwamba chokaa ni adui wa uchachu, kwamba hata kuvu ikiota upya, uchachu wake wote utaishia kupambana na chokaa na hautabaki wa kulila jiwe. Akaomba ndimu na bakuli. Akakamua ndimu, akampa shangazi aonje, akatia kijiko cha chokaa, kukachemka kidogo, akamwambia asubiri kisha aonje tena kwa ncha ya ulimi. Ukali umekwisha. Shangazi alionja, akatikisa kichwa polepole, akasema ameelewa sasa, ameelewa vizuri kabisa.

Mimi nilipaswa kuogopa pale pale. Shangazi akisema ameelewa vizuri, ujue utachimba shimo jingine.

Wiki ile ile watu wa Kerege walianza kunilalamikia kwamba ndimu zimeadimika. Mke wa Mwinyijuma alisema shangazi amepita kwake na ungo. Jirani mwingine alisema amekuta mti wake umebaki majani. Nikaenda. Nikamkuta amepanga masufuria, mabakuli na mtungi mmoja, kila kimoja na unga wa jiwe ndani na maji ya ndimu juu, amefunika kwa sahani safi, amefagia pembeni. Alisema kama kinachotakiwa ni uchachu, uchachu ni huu, msafi, unanukia, uchafu wa nini? Na sitasema uwongo, nilikosa jibu. Nilikasirika zaidi kwa sababu nilikosa jibu.

Jibu alikuwa nalo Pantaleo, na siku hiyo hata yeye alisema kwa kifupi, maana alikuwa amechoka. Alisema ndiyo, ndimu inaweza, lakini kwa shamba lile zitahitajika ndimu za Bagamoyo yote na Unguja juu yake. Kuvu inatengeneza uchachu wake bure, usiku na mchana, hapo hapo mgongoni mwa jiwe. Akamuuliza shangazi kama akipika vitumbua huumua unga kwa hamira. Shangazi akasema bila shaka. Akamwambia hamira ni ndugu yake kuvu. Hilo lilikuwa kosa, maana shangazi hakugusa vitumbua mpaka Ramadhani.

Masika ilikuwa inakaribia. Gunia la unga wa jiwe lilibaki robo. Nilimwambia shangazi kwa hasira kwamba Mwinyijuma keshaanza kuatika mikorosho, kwamba nimeiona miche kwenye makopo ubavuni mwa nyumba yake, kwamba akitaka kurudi Dunda aseme tu nimfungie mizigo mapema kuliko kunichosha hivi. Alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua mbegu. Mikono yake ikasimama.

"Masika ile Abdala alipougua," alisema, "ukuta wa upande aliolala ulikuwa umeota kuvu. Nyeusi, kama moshi. Nilisema nitapaka chokaa akipata nafuu kidogo, nisimsumbue kwa vumbi. Sikupaka. Kuvu ilikuwa inamtazama na mimi nikaiacha. Leo mnaniambia niichimbie shimo niilishe."

Nimeishi miaka mingi na maneno yale na bado sijui kuvu ya ukuta ilimfanyia nini Abdala, wala kama ilimfanyia kitu. Daktari hakuja. Nililojua siku ile ni kwamba nilikuwa nimemgombeza mjane kwa jambo lililomchoma moyo, na kwamba hata hivyo masika ilikuwa inakuja na shamba lingekwenda. Nilimwonea huruma, na hasira yangu haikupoa hata chembe. Nikamwambia, "Shangazi, kama ilikuchukulia mume, basi ikulipe shamba."

Alasiri alichukua jembe.

Lundo la pili tulilipanga mbali na nyumba, chini bondeni, ili asilione akifungua dirisha. Alitoa masharti. Chokaa yote ikakae nyumbani kwangu, pakacha hata moja lisibaki kwake. Na mimi ndiye nitakayekwenda kutazama kila asubuhi, kisha nimweleze, naye atasikiliza huku amenipa mgongo. Basi nikawa mjumbe wa kuvu. Nikitoka shambani napitia kwake, nasema leo nyuzi zimefika katikati, leo kuna kijani, leo lundo limebonyea na linanuka udongo wa mvua ya kwanza. Yeye anasugua sufuria ambalo lilishasuguliwa. Mara mbili alikuja kwangu kuomba chokaa kidogo tu ya mafiga, nikamnyima. Mara ya tatu nilimkuta ndani ya chumba changu, ameinama chini ya kitanda. Mtu mzima, mjane, shangazi yangu. Nikamtoa kwa mkono na hatukusemeshana mpaka kesho yake.

Mvua zikaanza, tukapanda. Na hapa alinitoa machozi kabisa. Nilimwambia lundo la kwanza, lile la chokaa, tulitupe. Akasema samadi yetu na jasho letu halitupwi. Nikasema basi lizikwe pembeni huko. Akasema hapana, lile ni safi, litakwenda kando ya barabara ambako watu wanapita. Na lile la kuvu likafichwe chini, bondeni, karibu na makaburi, ambako hakuna macho. Nilimuuliza kama anajua ni nani hupita barabarani kila Ijumaa kwenda msikitini. Akasema anajua, ndiyo maana.

Kwa hiyo Mwinyijuma alichokiona, Ijumaa baada ya Ijumaa, ni mahindi ya kando ya barabara yakitoka, yakisita, yakageuka zambarau. Hakulazimika kuingia ndani. Alisimama na kanzu yake safi, akatazama, akaendelea na safari. Kabla mahindi hayajatoa mbelewele alikwishawaambia wenzake kwamba shamba limekufa, na kwamba ana miche ya kutosha. Wakaja asubuhi moja, yeye na wakubwa wengine wawili, kumtaka shangazi ajiandae. Pantaleo naye alikuwapo, amekuja na baiskeli yake kupima mabua, akaanza hotuba iliyoanzia mbali. Mwinyijuma alimwomba anyamaze, na kwa mara moja katika maisha yangu nilikubaliana naye.

Shangazi aliwakaribisha kahawa. Walipokunywa akasema, "Shemeji, kabla sijafunga mizigo, nisindikizeni nikamuage ndugu yenu."

Hawakuweza kukataa hilo. Wakateremka wote, shangazi mbele, kanga kichwani. Tukapita mahindi ya zambarau, mafupi, ya kutia aibu, nami nikitembea nyuma nikiuma meno kwa kila hatua. Kisha njia ikakata kwenye mwembe uliokauka ikashuka, na mahindi yakabadilika. Yalikuwa na kijani cha kuelekea weusi. Yalitufika kifuani, kisha yakatupita vichwani, mpaka Mwinyijuma aliyekuwa mrefu kuliko sote nikawa naona kofia yake tu. Kila bua limebeba hindi nene, mengine mawili. Ilibidi watenganishe majani kwa mikono ili wafike kaburini kwa mdogo wao.

Wakaomba dua. Walipomaliza Mwinyijuma aligeuka akamuuliza shangazi ametia nini huku chini. Shangazi alitazama ardhi. Ilimuuma kulisema, nililiona linamuuma.

"Kuvu," alisema. "Nimetia kuvu."

Mikorosho ile Mwinyijuma aliipanda kwingine. Mwaka uliofuata alimtuma mke wake kwa shangazi na bakuli, kuomba kidogo ya lundo la zamani akaanzishie la kwake, kama mtu anayeomba hamira kwa jirani. Shangazi alimpa, ila alimpa kwa ncha za vidole, na baada ya hapo akanawa mpaka viwiko. Hakuwahi kuizoea. Aliendelea kupaka nyumba kila Idi, aliendelea kunipa mgongo nikimweleza habari za lundo, na kila masika tuligombana upya kuhusu mapakacha ya chokaa kana kwamba hatujawahi kugombana. Pantaleo alihamishwa Chalinze. Nilimkosa mtu wa kushika naye kichwa.

Shangazi alifariki mwaka 1958, katika shamba lile, kwa kifua. Siku zake za mwisho ukuta wa upande aliolala ulianza kuota kuvu. Niliiona, nikaenda kuchanganya chokaa, na nilipoingia na ndoo akaniinulia mkono. Alisema niache. Kisha akasema na kaburi lake nalo lisipakwe. Nilimuuliza mara tatu kama anajua anachosema, mtu ambaye alipaka chokaa mpaka mbuzi. Alifumba macho, kama mimi ndiye ninayemchosha.

Tukamzika bondeni kando ya Abdala. Kwetu kaburi likishajengewa hupakwa chokaa likang'aa, na anayelala ndani yake akiwa mtoto wa mchoma chokaa, hapana mjadala. Ilipofika arobaini ndugu zetu wa Dunda walikuja na mapakacha mawili ya chokaa ya kwao wenyewe, iliyochujwa laini kama unga wa ngano. Walilikuta kaburi halijapakwa, limeshaanza kupiga kijani kwenye mwanya wa mawe, na wakanigeukia mimi. Walisema mbele ya watu wote kwamba nimemtupa shangazi yangu. Nilianza kueleza. Nikawaambia jiwe, nikawaambia nyuzi, nikawaambia uchachu, nikajisikia nazungumza kama Pantaleo, na wao wananitazama kama nimerukwa na akili. Mmoja wao alikwishachovya brashi.

Mwinyijuma alikuwa ameketi juu ya mzizi, mzee sasa, mkongojo kati ya magoti. Hakuinua ile sauti yake ya ng'ambo ya bonde.

"Iacheni hiyo kuvu," alisema. "Yuko shambani kwake."

Wakafunika mapakacha yao wakarudi nayo Dunda.